Mashine ya Majaribio Isiwe Tajiri Kuliko Mtumiaji

Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ya Marekani ilisambaza sasisho dogo la programu yake ya kulinda kompyuta. Liliondolewa dakika 78 baadaye. Muda huo ulitosha: kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 za Windows zilianguka, na nyingi zilipowashwa zikaanguka tena. Safari za ndege zilifutwa, na hospitali zikaahirisha upasuaji. Ripoti ya kampuni yenyewe ilieleza chanzo chake. Sasisho lilitegemea thamani 21, ilhali programu iliyolisoma ilipewa 20. Programu ya ukaguzi ililipitisha kwa kuwa nayo ilikuwa na kasoro, na sasisho likaenda kwa wateja wote bila kupitia kwanza kwa wachache. Mashine pepe moja tu yenye Windows na programu hiyo, ikipakiwa faili lile lile na kuachwa kidogo, ingeonyesha tatizo kabla halijatoka nje ya jengo.

Wengi hulitaja tukio hilo wanapozungumzia usambazaji wa masasisho. Mimi naliona zaidi kama swali la mazingira ya majaribio, nalo ni swali linalowahusu hata wasanidi wa programu ya dukani au ya zahanati. Karibu kila timu ya programu siku hizi ina mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine, yenye prosesa, kumbukumbu, diski na kadi ya mtandao vyake. Kuiunda ni kazi ya dakika chache. Kinachosahaulika ni kwamba kila tarakimu unayoijaza wakati wa kuiunda ni dai kuhusu mahali ambapo programu itakwenda kuishi. Wengi hujaza tarakimu za kurahisisha siku yao: kumbukumbu tele, diski tupu, mtandao usiokatika. Programu inafaulu majaribio yote, kisha inakwama wiki ya kwanza inapofika wilayani. Huko ni kujaribu ngalawa ndani ya beseni.

Kutumia mashine pepe kwa majaribio ni jambo la tangu asili. Katika miaka ya 1960, wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, walitengeneza mfumo wa CP-40, ukafuatiwa na CP-67, na mwaka 1972 kampuni ikatangaza VM/370. Kompyuta za wakati huo zilikuwa ghali mno kumwachia mtu mmoja aziangushe kila akijaribu mfumo endeshi mpya. Kwa mashine pepe, kila mhandisi alipata kompyuta yake ya kuharibu. Mwaka 1974, Gerald Popek na Robert Goldberg walichapisha masharti ambayo bado ndiyo msingi wa fani hii. La kwanza linasema kwamba programu ndani ya mashine pepe ionekane kutenda sawasawa na inavyotenda kwenye mashine halisi, isipokuwa tofauti za aina mbili: zinazotokana na upatikanaji wa rasilimali, na zinazotokana na muda. Msomaji ashike tofauti hizo mbili. Nadharia iliziruhusu kwa haki, lakini kazini ndizo zinazotudanganya, na sehemu kubwa ya ufundi wa kusanidi mashine ya majaribio ni kupambana nazo.

Prosesa za x86, zile za kompyuta zetu za kawaida, kwa miaka mingi hazikutimiza masharti hayo. VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilivuka kikwazo kwa kutafsiri amri korofi wakati programu inaendelea kukimbia. Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 waliingiza msaada wa upepe, yaani wa kuendesha mashine pepe, ndani ya prosesa zenyewe, na mwaka 2007 programu ya upepe ya KVM ikawa sehemu ya kerneli ya Linux. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret mwenye kompyuta mpakato ya kawaida anaweza leo, bila kulipa chochote, kufanya kwa VirtualBox au KVM kazi iliyohitaji chumba kizima cha mitambo. Aanze kwa kukagua kwenye BIOS kama msaada huo wa prosesa, VT-x kwa Intel au AMD-V kwa AMD, umewashwa. Baadhi ya kompyuta huja ukiwa umezimwa, na bila huo mashine hutambaa au hukataa kabisa kuwaka.

Tuanze na rasilimali. Chukua DHIS2, mfumo wa taarifa za afya uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Umeandikwa kwa Java na hutunza data zake katika PostgreSQL. Java, isipoambiwa vinginevyo, hujipangia kikomo cha kumbukumbu cha robo ya ile inayoiona kwenye mashine. Ukiijaribu kwenye mashine pepe yenye GB 16, itajipa GB 4. Ukipeleka programu hiyo hiyo kwenye seva ya GB 4, itajipa GB 1. Hujabadilisha hata herufi moja ya msimbo, lakini ripoti ya mwaka iliyotoka kwa sekunde chache sasa inaua mchakato mzima. Ndiyo maana nasema swali la kwanza la kusanidi liwe mashine itakayobeba programu hii ina kiasi gani, na swali la kompyuta yangu ina uwezo gani lije baadaye.

Hata hivyo, kuinyima mashine si dawa ya kila kitu. Mpe mgeni, yaani mashine pepe yenyewe, prosesa moja tu na utaficha kundi zima la kasoro: zile zinazotokea pale nyuzi mbili za programu zinapoigusa data moja kwa wakati mmoja. Kwenye prosesa moja nyuzi hizo hupeana zamu, na mgongano hutokea kwa nadra. Kwenye prosesa nne zinakimbia sambamba kweli, na salio la mteja linakatwa mara mbili. Kinachotakiwa ni umbo lile lile la mfumo halisi. Kama seva itakuwa na prosesa nne, mashine ya majaribio iwe nazo nne, hata kama zitakwenda polepole.

Polepole kwa kiasi gani? Hapa ndipo kompyuta mwenyeji, ile inayobeba mashine pepe, inapoingiza mkono wake. Ukiwasha wageni watatu wenye prosesa nne kila mmoja juu ya kompyuta yenye nne kwa jumla, watagombania. Ndani ya mgeni wa Linux aliye juu ya KVM, amri ya top ina safu iliyoandikwa st: ni asilimia ya muda ambao mgeni alitaka kufanya kazi akanyimwa kwa kuwa mwenyeji alikuwa na shughuli nyingine. Mtu akikuletea vipimo vya kasi kutoka kwenye mashine pepe bila kuitaja safu hiyo, usivipokee. Mashine pepe kwenye kompyuta mpakato zinafaa sana kujibu kama programu inafanya kazi, na hazifai kujibu inahudumia wateja wangapi kwa sekunde. Swali la pili linahitaji mashine ambayo haigombanii chochote na mtu.

Kuhusu kumbukumbu, mwachie mwenyeji sehemu yake. Kwenye kompyuta ya GB 8, wageni wawili wa GB 2 wanakaa vizuri. Wa tatu ataanza kuisukuma kompyuta nzima kuandika kumbukumbu kwenye diski, na hapo kila kipimo kinaharibika.

Diski ndiyo sehemu isiyosemwa vya kutosha, na kwetu ina uzito wa pekee kwa sababu umeme hukatika. Programu makini ya hifadhidata haisemi muamala umekamilika mpaka imeiamuru diski iandike kabisa kila kilicho njiani. Mashine pepe inaweza kuipuuza amri hiyo. Mwongozo wa VirtualBox unaeleza wazi kwamba maombi ya namna hiyo kwa kawaida hupuuzwa ili kuongeza kasi, na kwamba mtumiaji anaweza kubadilisha mpangilio huo. QEMU nayo ina hali ya akiba inayoitwa unsafe, inayofanya vivyo hivyo. Ukisanidi hivyo, majaribio yanakwenda haraka na hayakuambii chochote juu ya usalama wa data.

Wapo wanaojaribu kukatika kwa umeme kwa kumzima mgeni ghafla, kwa mfano kwa amri ya virsh destroy. Ni jaribio jema, na ningependa kila timu inayoandika programu ya zahanati au ya kaunta ya duka ilifanye, tena programu ikiwa katikati ya kuandika. Lakini mipaka yake ijulikane. Data iliyokwisha kutoka kwa mgeni ikafika kwenye akiba ya mwenyeji itasalimika, maana mwenyeji hakuzimika. Umeme ukikatika kweli, akiba hiyo nayo hupotea. Jaribio hilo basi ni la huruma kuliko ukweli wenyewe. Programu ikilishindwa, tatizo lipo. Ikilifaulu, bado hujathibitisha. Uthibitisho unataka kuchomoa waya wa kompyuta halisi, au kutumia vifaa vya kerneli ya Linux kama dm-log-writes vinavyorekodi maandishi ya diski na kuyarudia mpaka nukta yoyote unayotaka.

Upande wa mtandao, programu za upepe hutoa njia kadhaa, na tofauti zake si za kitaalamu tu. Katika NAT, mgeni hutoka nje kwa kupitia anwani ya mwenyeji, na hakuna aliye nje anayeweza kumfikia bila kufunguliwa njia. Katika daraja, mgeni huingia kwenye mtandao wa ofisi kama kompyuta nyingine yoyote, akapewa anwani yake na ruta. Katika mtandao wa mwenyeji pekee, hazungumzi na yeyote isipokuwa mwenyeji na wageni wenzake. Msimamo wangu ni kwamba mashine ya majaribio ianzie katika njia hii ya mwisho, kisha ifunguliwe kwa sababu inayotajwa. Mashine iliyowekwa kwenye daraja bila kufikiriwa inaweza kutuma ujumbe mfupi wa majaribio kwa wateja halisi, na hilo halirudishwi.

Mfano wa sababu inayotajwa ni malipo ya simu. Safaricom ilifungua Daraja, mlango wake wa kuunganisha programu na M-Pesa, pamoja na mazingira ya kujaribia. Programu inatuma ombi, kisha matokeo yanarudi baadaye kwa seva ya M-Pesa kuipigia programu hodi kwenye anwani iliyoisajili. Mashine iliyo nyuma ya NAT haina anwani ya kupigiwa hodi. Wasanidi wengi huishia kuandika sehemu ya kutuma, wakaiona inafanya kazi, wakaiacha sehemu ya kupokea bila kuijaribu ipasavyo. Na fedha hupotelea kwenye kupokea: jibu linachelewa, jibu linakuja mara mbili, jibu haliji kabisa. Dawa ni kufungua njia moja tu iliyolindwa kutoka nje kuingia kwa mgeni, na pembeni kuwa na mashine pepe ya pili inayoiga upande wa malipo, ambayo wewe mwenyewe unaiamuru ichelewe, irudie au inyamaze.

Kuchelewa kwenyewe kunaweza kuundwa. Linux ina chombo kiitwacho netem, kinachoamriwa kwa tc. Unaambia kadi ya mtandao ya mgeni icheleweshe kila pakiti kwa milisekunde 300, ipoteze pakiti mbili katika kila mia, na yote hayo yabadilikebadilike. Ni mstari mmoja wa amri, na unapaswa kuwa sehemu ya kawaida ya mazingira ya majaribio katika ukanda huu. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Mfumo ambao wasanidi wake waliujaribu kwa mtandao wa ofisi pekee ulikutana siku ile na hali ambayo haukuwahi kuulizwa. Jambo la kutafuta katika jaribio la namna hii ni iwapo programu inamweleza mtumiaji ukweli. Muuguzi aliyebonyeza kitufe cha kuhifadhi anastahili kujua kama rekodi ya mtoto imehifadhiwa au bado.

Muda ni tofauti ya pili waliyoiruhusu Popek na Goldberg, na nimeona ikisumbua kuliko zote. Mashine pepe nyingi hukimbia kwa saa ya UTC. Tanzania, Kenya na Uganda ziko saa tatu mbele yake. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko saa mbili mbele. Kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku, mtu wa Mwanza yuko siku mpya na seva bado iko jana. Muamala wa saa saba usiku unaingia kwenye hesabu ya siku iliyopita, kikomo cha kutuma fedha kwa siku kinahesabiwa vibaya, na ripoti ya mwisho wa mwezi inabeba mauzo ya tarehe moja. Karibu hakuna anayeligundua, kwa sababu karibu hakuna anayejaribu programu saa hizo. Isogeze saa ya mgeni hadi saa saba usiku na uendeshe majaribio yote. Kabla ya hapo, zima ulinganishaji wa saa kati ya mgeni na mwenyeji, la sivyo itarudishwa mahali pake wakati jaribio linaendelea.

Picha za hali ya mashine huleta tatizo la aina hiyo hiyo. Ni huduma ya ajabu: unahifadhi mashine ikiwa hai, unaharibu utakavyo, unarudi pale ulipokuwa. Lakini mashine iliyorudishwa kutoka picha ya miezi miwili iliyopita inaamka ikiamini bado ni siku ile. Vyeti vya usalama vilivyotolewa majuzi inaviona havijaanza kutumika, na ruhusa zilizokwisha muda inaziona hai. Kisha saa inaruka mbele kwa ghafla, na kazi zote zilizopangwa kwa wakati zinaweza kulipuka kwa pamoja. Picha hizo zinafaa kwa saa kadhaa za kazi. Kuzifanya ghala la mazingira ya kudumu ni kosa ninaloliona mara nyingi.

Ghala la kudumu linatakiwa liwe maandishi. Mwaka 2010 Mitchell Hashimoto alitoa Vagrant, inayosoma faili moja lenye maelezo ya mashine na kuijenga upya kila inapoombwa. Packer na cloud-init hufanya kazi za jirani. Faida kubwa ya njia hii ni uwazi kuliko kasi: faili linasema toleo gani la mfumo endeshi, kumbukumbu kiasi gani, saa ya wapi, mtandao wa namna gani, na mtu mwingine anaweza kulisoma na kulipinga. Mashine iliyosanidiwa kwa mkono hubeba mambo ambayo hata aliyeyafanya hayakumbuki. Kampuni ya Knight Capital ya Marekani ililipia jambo la jamii hiyo tarehe 1 Agosti 2012. Fundi aliweka msimbo mpya kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ikabaki na msimbo wa zamani, na alama iliyotumika kuwasha kazi mpya ikawasha kazi iliyokwisha kustaafu. Ndani ya dakika 45 kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 440. Seva zinazojengwa kutoka maandishi mamoja hazina nafasi kubwa ya kuachana namna hiyo.

Kuna kanuni ndogo ya kufuata unapotoa nakala pacha za mashine: kila nakala ipewe utambulisho wake. Anwani ya MAC, funguo za SSH na faili la machine-id vikibaki sawa, mashine mbili zinaweza kupewa anwani moja ya mtandao na utapoteza siku ukitafuta kasoro ambayo haimo kwenye programu yako.

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini nashughulika na mashine nzima wakati kontena, zilizoenea tangu Docker itoke mwaka 2013, ni nyepesi na huwaka kwa sekunde. Kwa programu nyingi za wavuti zinatosha, na sioni sababu ya kuzikataa. Ila kontena hushirikiana kerneli na mwenyeji. Kasoro ya CrowdStrike ilikuwa ndani ya kiendeshi cha kerneli ya Windows, na kontena isingefaa kuijaribu. Vivyo hivyo ukijaribu toleo jipya la kerneli, kanuni za ukuta wa moto, au namna mashine inavyoamka baada ya kuzimika. Na lipo eneo ambalo hata mashine pepe haifiki. Emuleta ya Android kwenye kompyuta nyingi hukimbia kwa amri za x86, ilhali simu zilizo mikononi mwa watu ni za ARM, na za Tecno, Infinix na itel huja na mifumo iliyorekebishwa na watengenezaji wake. Hapo hakuna njia ya mkato: nunua simu hizo zenyewe, za bei ya chini, uzitumie.

Limebaki la data, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Njia rahisi ya kuijaza mashine ya majaribio ni kunakili hifadhidata ya mfumo halisi. Majina, namba za simu, majibu ya vipimo vya hospitali, vyote vinakwenda kukaa kwenye kompyuta mpakato inayobebwa kwenye daladala. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mtu aliyetoa taarifa zake ili atibiwe hakuzitoa ili zitumike kujaribia programu, na neno majaribio halimpi msanidi ruhusa. Tunga data zako, lakini zitunge kwa umbo la kweli: Ng'ang'a na Ng'wanakilala wenye alama inayovuruga hifadhidata zilizoandikwa ovyo, namba za simu zinazoanza kwa 0 na nyingine kwa +255, mtu mwenye jina moja tu, mama asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20 ambayo Excel hugeuza tarakimu zake za mwisho kuwa sifuri bila kukuambia. Data ya namna hiyo hufichua kasoro ambazo nakala ya mfumo halisi ingezificha, kwa sababu mfumo halisi tayari umewakataa watu hao mlangoni.

Kama kwenye kompyuta yako kuna mashine pepe yenye nakala ya data za watu halisi, ifute leo pamoja na picha zake zote za hali, maana data iliyofutwa ndani ya mgeni bado inaishi kwenye picha zilizopigwa kabla. Kisha andika faili la kuijenga upya, na juu yake orodhesha kila mahali inapotofautiana na seva au simu itakayobeba programu yako.